Fungu la Ndege

Mimi sili asali. Wajukuu wangu wameshachoka kuniuliza. Kila Krismasi mmoja wao huja na chupa aliyoinunua Karatina, anaiweka mezani, nami nasema daktari amenikataza. Daktari hajanikataza kitu ila chumvi. Wakishaondoka naisukuma ile chupa nyuma ya kabati, ikae na nyingine, na huko zinaganda mpaka jirani mmoja aje aziombe. Sasa nimezeeka, na nimechoka kumsingizia daktari.

Baba yangu alikuwa seremala. Alitengeneza madawati ya shule ya misheni, milango, vitanda, na majeneza watu walipofiwa. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii, lakini moyo wake haukuwa huko. Moyo wake ulikuwa kwenye nyuki. Alikuwa akichukua gogo la muringa, akalichimba ndani kwa patasi ndefu jioni baada ya jioni, akaziba ncha zote mbili kwa vifuniko vya mbao, akaacha tundu la kupitia nyuki. Mwisho alipaka nta ndani ili wageni wake wavutwe na harufu. Mama alimtania kwamba yeye alikubali kuolewa na seremala, na hakuna mtu aliyemwambia kuna mke mwenzake mwenye mabawa. Baba alicheka tu, akaendelea kuchimba.

Mizinga yake ilitundikwa kwenye miti ya shamba letu la juu, pale shamba lilipokutana na msitu wa Mlima Kenya. Jumapili tukitoka kanisani, nilivua viatu, nikabadilisha gauni, tukapanda huko mimi na baba. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, na nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hiyo aliniita mama. "Mama, beba kibuyu." "Mama, usikanyage hapo, kuna siafu." Sijawahi kuitwa neno hilo na mtu mwingine yeyote kwa sauti ile, hata na watoto niliowazaa.

Ndege wetu alikuja mwenyewe, hatukumwita. Kwa Kiswahili anaitwa mlembe, ndege wa asali. Ni mdogo, wa kijivu, hana uzuri wowote wa kumfanya mtu ageuke. Lakini akikuona anatua karibu, anapiga kelele nyembamba kama mtu anayetikisa kiberiti sikioni mwako, kisha anaruka mbele, anangoja, anatikisa tena kiberiti chake. Baba alimjibu kwa mluzi. Tulimfuata hivyo, ndege mbele, baba anapiga mluzi, mimi nyuma na kibuyu, mpaka kwenye mti wenye tundu na nyuki wa msituni ndani yake. Mbega walituchungulia kutoka juu, na baba aliwasalimia kwa heshima, akawauliza habari za nyumbani. Nilikuwa nikicheka mpaka nakaa chini.

Alifukiza moshi, akaingiza mkono, akatoa masega. La kwanza lilikuwa langu. Nililitafuna palepale, asali inanichuruzika mpaka kwenye viwiko, kisha nikatema nta. Baadaye nimekula keki za arusi na peremende za kila duka la Wahindi pale Nyeri mjini, na hakuna kilichofika hapo.

Na kabla hatujaondoka tulimwachia ndege fungu lake. Hilo lilikuwa jambo la lazima. Mlembe hajali asali, anataka nta na watoto wa nyuki, kwa hiyo baba alichagua sega lenye watoto, akaliweka juu ya jiwe tupu, wazi, ndege alione. Ukimnyima, siku nyingine atakuita vilevile kwa furaha, utamfuata, naye atakupeleka moja kwa moja kwa chui. Mwanamume mmoja wa mteremko wa chini alikuwa na kovu kutoka begani mpaka kwenye mbavu, na kila mtoto alijua kwamba aliwahi kumnyima ndege. Niliamini hivyo kuliko nilivyoamini mengi ya kanisani.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Nyumba yetu ilichomwa, pamoja na za majirani, tukakusanywa kwenye kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Ndani ya handaki kulichomekwa miti iliyochongwa ncha. Mama na wanawake wengine ndio waliolichimba, wakisimamiwa na homugadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Shambani tulikwenda kwa saa zilizopangwa, na askari nyuma yetu. Shamba la juu lilipigwa marufuku kabisa. Kupiga mluzi kulikatazwa, kwa sababu huenda ni ishara kwa watu wa msituni. Na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuwapelekea chakula watu hao. Kwa viazi vichache vilivyosahauliwa kwenye kikapu mtu alichukuliwa, na mkewe hakujua amepelekwa wapi.

Wanaume wengi wa kijiji walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Baba alibakizwa kwa sababu posti ya polisi ilihitaji seremala. Aliwatengenezea meza, rafu na mlango wa selo ya kufungia watu. Alirudi jioni, akaketi, akainusa mikono yake. Mama alimwuliza unanusa nini, akasema ananusa kama bado kuna nta.

Sijui nani alimwambia ofisa Mzungu wa posti kwamba seremala wake ana mizinga huko juu. Asubuhi moja baba aliamriwa akarine asali ailete yote posti. Alipewa askari mmoja wa kumsindikiza, na ruhusa ya kuchukua mtu wa kubeba debe. Alinichukua mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi, na nilifurahi kama mtu anayepelekwa arusini, Mungu anisamehe.

Yule askari alikuwa Mkamba, mtu mzima, mpole wa sura. Wakamba nao ni watu wa nyuki, kila mtu anajua hivyo. Tulipofika shamba la juu, magugu yalikuwa yamenifika kifuani. Na hatujafika kwenye mti wa kwanza, tukasikia kiberiti kinatikiswa. Alikuwa palepale, juu ya tawi, kama vile tuliachana Jumapili iliyopita. Askari aliinua kichwa akatabasamu.

"Ati huyu bado iko?" alisema. "Hata kwetu wako wengi."

Baba hakumjibu askari, na hakumjibu ndege. Alitembea amekaza macho chini. Midomo yake ilikuwa imekunjwa tayari kwa mluzi, niliiona, lakini haikutoa sauti.

Alirina mizinga miwili. Alifanya haraka na vibaya, nyuki wakamwuma usoni, naye hakujali. Kila sega liliingia kwenye debe. Kimoja tu, kipande cha ukubwa wa kiganja, alinipenyezea bila askari kuona, au labda askari aliona akageuza shingo. Kilikuwa na watoto wa nyuki upande mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kushika kitu kitamu.

"Na fungu la ndege?" nilimwuliza baba kwa Kikuyu.

"Leo hapana."

"Lakini baba..."

"Nimesema leo hapana, mama. Chukua debe."

Hakunieleza sababu. Kama angenieleza, ningeelewa, maana watoto wa wakati ule tulielewa mambo ambayo mtoto hapaswi kuelewa. Lakini askari alikuwa amesimama karibu, na baba hakutaka maneno mengi. Basi mimi niliona kitu kimoja tu: chui. Nilijua baba atatumwa tena huku kurina, ndege atamwita, naye kwa jinsi anavyompenda atashindwa kujizuia, atamfuata. Nilimwona na kovu kutoka begani mpaka kwenye mbavu. Nilimwona hana bega kabisa.

Nikasema nataka kwenda haja. Nikaingia nyuma ya kisiki cha mti uliokatwa. Sikuonja kile kipande hata kwa ulimi. Jiwe tupu sikuliona, na siafu walikuwa wengi, kwa hiyo nilichuma jani pana, nikakiweka katikati, nikakunja pembe nne, nikazibana kwa mwiba juu, nikiacha uwazi mdogo wa ndege kuona. Ndivyo nilivyozoea kufunga chakula changu cha shule. Kisha nikarudi, nikabeba debe, na njia nzima nilikuwa na furaha kwamba nimemwokoa baba.

Kesho yake doria ya homugadi ilipita pale. Mchana tuliitwa sote uwanjani mbele ya posti, tukaketi chini kwenye vumbi. Ofisa alikuwa amesimama nyuma ya meza aliyoitengeneza baba, na juu ya meza kulikuwa na jani langu, limebanwa na mwiba wangu, linavuja kidogo. Baba alisimamishwa mbele. Yule askari Mkamba ndiye aliyetafsiri.

"Bwana anauliza, hii kitu nani aliweka?"

Baba alilitazama lile jani. Hakulitazama kwa muda mrefu. Aliutazama ule mwiba, kisha akainua macho, na hakuangalia upande wetu hata kidogo.

"Ni mimi, afande."

"Ulikuwa unawekea nani?"

"Ndege."

Askari akamwambia ofisa kwa Kiingereza. Ofisa akacheka, homugadi wakacheka, hata wale ambao walizaliwa kwenye miteremko hiyohiyo na baba zao waliweka masega juu ya mawe hayohayo. Ndege gani anayefungiwa chakula kwa jani, akauliza ofisa. Asali haiozi. Mtu wa msituni angeikuta hata baada ya mwezi.

Nilimtazama askari. Nilisubiri aseme kwamba kwao pia wako, kwamba alimsikia kwa masikio yake. Alikuwa amekaza taya, anatazama ukuta. Bila shaka naye aliogopa, kwa maana ni yeye aliyepewa kazi ya kumlinda baba, na jani liliwekwa mbele ya pua yake. Nilimchukia mtu yule kwa miaka mingi. Chuki hiyo ilinisaidia, ilinipa mahali pa kutazama mbali na mimi mwenyewe. Siku hizi simchukii. Alijua na akanyamaza, na hatukuwa mbali, mimi na yeye.

Nilifungua mdomo, hilo nilifanya. Mama akanishika paja akalifinya kwa nguvu zake zote, bila kugeuza uso. Alama ya kucha zake ilikaa wiki nzima. Nikafunga mdomo. Baba alipandishwa lori akiwa bado na uvimbe wa nyuki usoni, na lori likateremka kuelekea Nyeri.

Mama na mimi hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja. Alichimba handaki, akafyeka msitu kwa amri, akatulea. Mara moja tu, tukimenya viazi, alisema kwamba mtoto angepelekwa kama mtu mzima, walikuwa hawachagui.

Baba alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka, wakati wa mvua, amevaa koti la mtu mwingine. Wakati huo tulikuwa tumepimiwa kipande kingine cha ardhi, mbali na msitu, na muringa wote wa shamba la juu ulikuwa umekatwa. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilisikia sauti nzito tu. Kengele ya shule hakuisikia, wala mdogo wangu akilia. Aliweka meza ya useremala chini ya ukingo wa paa, akaanza tena madawati. Mizinga hakuitaja.

Asubuhi moja mlembe alikuja. Alitua kwenye mti wa jirani, hatua chache kutoka kwa baba, akatikisa kiberiti chake. Akarukia tawi la karibu zaidi, akatikisa tena. Baba alikuwa anapiga randa ubao. Hakuinua kichwa. Nilisimama mlangoni na beseni la maji, nikangoja ainue kichwa, nikangoja sana, na ndege akaita mpaka akachoka, akaenda zake. Ningeweza kumgusa baba bega, nikamwonyesha. Sikuweza. Angeona mdomo wa ndege unafunguka bila sauti, na angejua ni nini hasa walichomnyang'anya. Nililia ndani, kwenye shuka, kama aliyefiwa.

Jioni ya siku hiyohiyo nilitoka nikakaa kando yake, upande wa kulia. Nilijua ninakaa upande gani. Nikamwambia yote, kwa sauti ya kawaida, nikitazama maranda ya mbao yanavyoangukia miguu yangu. Nilimwambia kuhusu chui, na siafu, na mwiba. Nilimwambia kwamba nilifungua mdomo nikaufunga. Nikamwambia anisamehe. Randa ilikwenda ikarudi, ikaenda ikarudi.

Alipofika mwisho wa ubao aliona midomo yangu inatikisika. Akageuka mwili mzima, akaniinamia, akaniletea sikio la kushoto mpaka likakaribia kinywa changu.

"Unasema nini, mama?"

Nilikuwa na sikio lote mbele yangu. Nilipaswa tu kulisema tena, kwa sauti nzito kidogo.

"Nasema chai iko tayari," nilimwambia.

Akaweka randa chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, tukaingia kunywa chai. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipofungua mdomo alinigeuzia lile sikio la kushoto, akangoja.