Midomo Ukutani kwa Khalayi

Mimi mwenyewe nilimsema Zilpah, tena bila haya. Jirani yangu hapa Khayega, mwanamke wa miaka thelathini na minne, viungo vyote vizima, lakini saa nne asubuhi amelala. Sufuria inaungua, yeye amekaa kando anaitazama. Nani asingesema?

Miaka mitatu iliyopita pikipiki ilimtupa, akagonga kichwa kwenye lami. Hospitalini walimshona, nywele zikaota juu ya kovu, nasi tukaamua kwamba amepona. Hatukujua kwamba kelele za soko humchoma kichwani, wala kwamba jina la mtoto wake humpotea katikati ya kumwita. Alipotueleza, tulimwambia amwombe Mungu na aache uvivu. Mama mkwe wake, Khalayi, alikuwa mkali kutushinda sote. "Huyu anajifanyanga tu," alisema.

Desemba ikafika. Kwetu mwezi huo wanawake husiriba kuta za nyumba kwa tope, kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Safari hii kwa Khalayi kulikuwa na haraka, maana Jumamosi wageni wangeleta mahari ya binti yake, Dinah. Zilpah tulimpa ukuta mdogo wa upande wa njia, asitucheleweshe.

Kawaida tunachora maua mawili matatu, tunanawa, tunakunywa chai. Yeye hakunawa. Siku tatu alirudi kwenye ukuta ule na masizi, udongo mweupe na udongo mwekundu, akichora, akifuta kwa kiganja, akichora tena, chakula hataki. Alichora midomo. Midomo mitupu, iliyo wazi, imejaa hadi chini ya mabati, na katikati yake mwanamke mdogo ameziba masikio. Kila nikipita pale nilikosa raha.

Ijumaa Khalayi aliuona, akashika kiuno. "Wakwe watasema hapa kuna wazimu. Pascalia, siriba hiyo kitu yote."

Nikachukua ndoo ya tope. Ndiyo, mimi. Zilpah akaja mbio, akasimama kati yangu na ukuta.

"Nikiongea munasema najifanya," akasema. "Sasa nimeweka hapa muone. Hii ndio kelele yenye inakuwanga kwa kichwa yangu." Akagusa mdomo mmoja mwekundu. "Hii ni wewe, Pascalia."

Aibu ilinishika, nikaiweka ndoo chini. Khalayi aliniamuru tena, nikakataa. Akachota tope yeye mwenyewe, akainua mkono, akabaki hivyo. Nadhani alikuwa akiutafuta mdomo wake, na haukuwa na shida kupatikana, kwa kuwa ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Akaondoka na tope lake mkononi.

Jumamosi mama wa bwana harusi alisimama pale njiani, akauliza ni nani aliyechora mambo haya ya kutisha. Sote tukamgeukia Khalayi. Zilpah alikuwa nyuma yetu na trei ya vikombe. Niliogopa, kwa sababu Khalayi akisema ni watoto tu, basi Zilpah amefutwa, hata kama ukuta umebaki.

"Ni mke wa mwanangu," Khalayi akasema. "Aliumia ubongo. Ni mgonjwa."

Zilpah akaweka trei chini, pale pale kwenye vumbi.

"Sema tena, mama," akasema. "Pole pole. Nitasahau."