Fundi wa Paipu ni Nani?

Niliondoka Msambweni kutafuta kazi, basi. Cheti cha ufundi wa mabomba nilikuwa nacho, na mabomba yanayovuja kwetu ni tele, ila mlipaji ndiye adimu. Nilitengeneza la shangazi, la mjomba, la jirani wa mjomba, na wote walinilipa mihogo. Jamani, hata sisi tunalima mihogo! Mama akanipa mwezi mmoja. "Ukikosa Nairobi, rudi. Jembe lako nitaliweka hapa mlangoni."

Makina, Kibera, alfajiri. Nilipokelewa na Mama Zuhura, Mnubi mwenye vyumba vya kupangisha karibu na msikiti, rafiki wa mama wa siku nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo." Binti yake, Zuhura, akaangua kicheko: "Huku ni niaje, msee!"

"Mwache," mama yake akamkemea. "Marahaba, mwanangu. Kula mandazi."

Kesho yake tulitembea na Zuhura hadi Kawangware, kwenye mjengo, ghorofa iliyokuwa ikijengwa. Langoni tulikuwa wengi, sote tukitafuta kibarua. Kijana mmoja akaninong'oneza: ule utepe mweupe wa kuzuia paipu isivuje huzungushwa kuelekea wapi? Nikamweleza. Mara mnyapara akatoka. "Fundi wa paipu ni nani hapa?"

Nikanyamaza. Kwetu mtu hajiiti fundi. Huitwa na watu, tena akishaota mvi kazini. Yule kijana akainua mkono, akaingia. Huyo huyo aliyeniuliza!

Nilirudi Makina nimefura kwa hasira.

"Adabu ni nzuri," akasema Mama Zuhura, "lakini mnyapara hakujui. Nani atakuita fundi?"

"Sasa nijisifu?"

"Nani amesema ujisifu? Jitaje."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza langoni. Mnyapara hakumaliza swali. "Mimi!" Wanaume wakacheka, maana msichana nilikuwa peke yangu.

"Wewe dem? Umefanya mjengo wapi?"

"Msambweni."

"Hiyo ni wapi?"

"Nipe paipu kwanza, ramani nitakuchorea baadaye."

Naye akacheka, akanionyesha kiungo kilichofungwa jana, kinachovuja. Nikakifungua: utepe umezungushwa kinyume, licha ya maelezo yangu yote. Nikaufunga upya, maji yakafunguliwa. Halikudondoka hata tone! Mnyapara akapitisha kidole, akakitazama kikavu.

"Kesho ukuje saa moja. Hii nyumba itatuweka kazini mpaka mwisho wa mwaka."

Mwezi ulipoisha niliomba siku mbili, nikapanda basi kwenda nyumbani. Njia nzima niliwaza: kwetu wananijua na hawana cha kunilipa, Nairobi wana cha kunilipa na hawanijui. Kujulikana kunahitaji mdomo, na wangu nilikuwa nimeufunga kwa heshima.

Msambweni, jioni. Jembe lilikuwa pale pale mlangoni, limenolewa. Nikabisha hodi.

"Nani?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Fundi."

Akatoka, akanitazama juu hadi chini, akalichukua jembe na kulirudisha ghalani.