Mwalimu Aliyewakimbia Wanafunzi Wake

Nilimshuku Onintsoa tangu alipopanga chumba chetu cha juu. Alisema anafundisha chuo kikuu, na huku kwetu Fianarantsoa mwalimu wa chuo akipita hata wazee humvulia kofia. Yeye akivuliwa kofia aligeuka nyuma, kana kwamba anayesalimiwa ni mtu mwingine. Mlango aliufunga kwa kufuli mbili. Wanafunzi wakija kumwulizia, aliniashiria kutoka dirishani: sema sipo.

"Mwalimu gani anakimbia wanafunzi?" mume wangu Solofo akasema. "Kuku gani anaogopa mahindi? Huyo ana jambo, mama Kanto. Mchunge."

Nikamchunga. Mimi shule niliishia ya msingi, lakini mwenye mtoto mgongoni hutazama sana mikono ya watu. Mikono ya Onintsoa ilitetemeka kila alipowataja maprofesa wake. Jumatatu ilikuwa asimame mbele ya watatu kati yao autetee utafiti wake wa udaktari, ukumbi mzima ukisikiliza. Asingesimama, hata kazi aliyonayo ingemponyoka. Ijumaa nilimpelekea maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu baada ya chakula, nikakuta begi limefungwa, liko kitandani.

"Unasafiri, dada?"

"Sijui."

Nikaona nimwulize tu. "Umeiba nini?"

Hakukasirika, na hilo likanitia shaka zaidi. "Nafasi," akasema.

"Ya nani?"

"Ya mtu anayejua. Mimi sijui kitu, mama Kanto. Walinichukua kwa makosa. Sasa wanangoja Jumatatu waniumbue hadharani."

"Hayo unayoyatetea kaandika nani?"

"Mimi."

"Ulinakili mahali?"

"Hata mstari mmoja."

"Basi wataumbua nini?"

Akalisogeza begi ukutani. Nilishuka ngazi sijamwamini. Asiye na hatia anafunga begi la nini?

Jumapili tulimnyoa Kanto nywele zake za kwanza. Ukoo wa mume wangu ulikuja na Ralambo, ami yake Solofo, fundi wa hotuba, mtu wa maneno na majivuno. Upande wetu msemaji wa kumjibu alikuwa kalala na homa. Mama yangu akapanda juu moja kwa moja, nami nyuma yake.

"Mwanangu, wewe umesoma. Shuka utujibie."

Onintsoa akanitazama mimi. "Nani kawatuma mje kunijaribu?"

"Homa," mama akasema. "Twende, magimbi yanapoa."

Ralambo alianza kama ilivyo desturi, kwa kujiondolea lawama: si yeye aliyestahili kusimama, wapo waliomzidi umri na hekima, yeye ni jani tu lililopeperushwa mbele za watu. Aliyasema huku anatabasamu. "Huna lawama," tukaitikia, kama tunavyoitikia siku zote.

Zamu ya Onintsoa ilipofika, alishika ukingo wa meza. "Si mimi niliyestahili kusimama hapa," akasema, na sauti ikamkauka. "Kila siku naingia mahali nisipostahili. Nakalia kiti cha mwingine. Nikisikia nyayo nadhani wanakuja kunitoa."

Mimi nilijua hayo si mapambo. Nikainamisha uso juu ya kichwa cha mwanangu, nikingoja watu wagune.

"Huna lawama," wakaitikia, kwa nguvu kuliko walivyomwitikia Ralambo. Shangazi mmoja akajifuta machozi. Onintsoa akatukagua uso mmoja mmoja, akimtafuta anayemcheka.

"Mama, hodi umebisha vizuri mno," Ralambo akamwambia. "Sasa ingia. Tuna njaa."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akaingia. Maneno aliyomwombea mwanangu ninayo mpaka leo.

Baada ya kula nilimwona kambana Ralambo penye ndoo ya kunawia.

"Ami, ile lawama, huwa unaigiza?"

Ralambo akaangalia kwanza mkewe yuko wapi. "Magoti yangu yanagongana tangu ujana. Nikingoja yatulie, nani atasema? Naanza nayo hivyo hivyo." Akakung'uta mikono. "Mtu wa kumshuku ni yule anayeiruka sehemu hiyo."

Onintsoa alimtazama kama mtu anayeinua noti kwenye mwanga, asije akapewa bandia.

Jumatatu asubuhi chumba kilikuwa wazi, begi halipo. Nikajua katoroka. Nikamfunga Kanto mgongoni, nikapanda kilima hadi chuoni, angalau nikione kiti chake kitupu kwa macho yangu.

Kiti kilikuwa kitupu kweli, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama. Begi liko miguuni pake, limefunguliwa, limejaa vitabu. Mikono inatetemeka vilevile.

"Si mimi niliyestahili kusimama hapa," akaanza. Na yule profesa wa katikati, mzee mwenye uso mkali, akaitikia kabla hajafikiri, kama angeitikia kwenye shughuli ya kwao: "Huna lawama."

Onintsoa akavuta pumzi, akaingia. Yaliyofuata sikuyaelewa, ila sauti haikukauka tena.

Walimpa udaktari wake. Siku hizi wanafunzi wakija anawafungulia, ingawa kwanza huwachungulia dirishani, na kufuli ni moja.