Mashini Nne, Numero Moja

Ni mwaka ule unga wa mahindi ulikataa kuvuka kutoka Zambia, tukasonga bukari, yaani ugali, ya mihogo mitupu, nyeusi, inavutika kama gundi ya kiatu. Dagaa mmoja wa kapenta aligawiwa watu wawili, na aliyepata mkia alinuna mpaka kesho yake. Ukimuuliza mtu wa Likasi atakuambia bila kufikiri: mwaka wa bukari nyeusi. Mimi ninaukumbuka kwa meno mawili ya mwanangu, niliyoyafagia pamoja na makombo.

Mume wangu aliendesha treni miaka thelathini. Alinipiga mara moja tu, tulipokuwa vijana. Nikamrudishia kwa sufuria, akaenda kazini jicho moja limefumba, na tangu siku ile tulipendana vizuri. Mashini yake ilikuwa numero 2207. Ilioza kwenye nyasi kabla yeye hajafa, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita kwa numero ile, na mapadri pia.

Kwetu mtu mkubwa akifa, jina lake halizikwi naye. Mwaka ukiisha familia inakaa, mjane anatamka nani atalibeba. Mwenye kulibeba ndiye baba wa nyumba. Yeye anasema nani akae katika uwanja na nani atoke. Nami nilikuwa na wana wawili wa kiume. Mkubwa anafanya kazi kiwandani, kwenye asidi, viatu vyake vimeliwa mpaka soksi. Mdogo anachimba kwenye mgodi wa Shinkolobwe, pale palipofungwa, watu wanapoingia kwa kujificha. Siku ya kumaliza matanga, chakula bado kiko motoni, mdogo alimpasua mkubwa sikio kwa chupa. Mkubwa akamwangusha, akamkanyaga mbavu mbele ya katekista. Nikaona wazi: nitakayemtaja, mwenzake atamuua.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema, "Mama, taja muntu. Bantu banasikia njaa."

Nikamjibu, "Jina sitaitoa. Munivunje mifupa yote, jina sitaitoa."

"Mifupa gani?" akasema. "Weye uko ngozi tupu."

Wakacheka, wakala, wakaondoka. Wanangu walitoka kila mmoja kwa mlango wake.

Sasa nieleze habari ya zile mashini. Zamani mzungu mmoja wa reli, alipokuwa anakimbia nchi, alimwachia mume wangu sanduku. Ndani mlikuwa na reli ndogo na mashini nne za treni, kila moja urefu wa muhogo. Mume wangu alizipanga juu ya mlango wa zamani uliolala kwenye mapipa mawili, na moja akaiandika 2207 kwa rangi nyeupe. Alipokufa, mjukuu wangu akazishika yeye. Ni binti wa binti yangu marehemu, mtu mzima, anatengeneza simu na kompyuta sokoni. Ninajivuna naye bila haya. Vidole vyake vinaona kuliko macho yangu na ya wajomba zake wote.

Alizipasua mashini matumbo, akatia katika kila moja kipande kidogo kama ukucha. Anakiita dekoda. Kompyuta aliiunganisha na kisanduku kizito, na kisanduku kikatoa nyaya mbili mpaka kwenye reli.

"Kambo," akaniambia, maana mimi ni bibi yake, "zamani umeme ukiingia, zote zilikimbia. Sasa kila moja itakuwa na numero. Ukiita numero, ni ile tu itatembea."

Lakini kuipa mashini numero ni kazi nyingine. Pembeni ya mlango aliweka kipande kifupi cha reli kisichogusana na zile zingine, akakipa nyaya zake, akakiita kalasi, yaani darasa. Mashini inaingia peke yake, inafundishwa, inatoka. Kwa sababu wakati wa kufundisha, kompyuta haimwiti mtu. Inasema tu, na kila anayesikia anashika. Mashini ikishika, inashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega akisali. Nilikaa pale siku nzima kungojea kule kushtuka. Tatu zikapata moja, mbili, tatu. Ile ya marehemu, yenye rangi nyeupe, nilimkataza kuipa numero, naye hakuniuliza kwa nini.

Mkubwa akasikia. Akasema: mama hataki kutamka, basi kompyuta itatamka. Nitaandika numero ya baba kwenye mashini yake kwa amri yangu, familia ikiona, na jina nitakuwa nimelibeba.

Akaja Jumapili baada ya misa na shemeji yangu na wazee wawili. Mdogo akaja nyuma yao, beleshi begani, udongo wa shimo bado kwenye nyusi.

"Endelea, yaya," akamwambia mkubwa, maana yaya kwetu ni kaka. "Minye naangalia tu."

Mjukuu wangu alisimama mbele ya ule mlango wa reli, mikono ameitandaza. Mkubwa akamsukuma. Mjukuu alipoona anataka kumpiga, akaichukua mashini ya nne, ile ya 2207, akaiweka kwenye kalasi. Mkubwa akaitoa.

"Jina ya baba inatolewa katikati ya bantu," akasema. "Haiko ku kona, kama ya mwizi. Weka kati ya bengine, bandugu bayione."

Na ni kweli, desturi ndiyo hiyo. Hakuna mzee aliyempinga. Aling'oa nyaya za kalasi, akazifunga kwenye reli kubwa ambako zile tatu zilisimama, akaiweka ya nne katikati yao.

"Tonton, hapana," mjukuu akamwambia mjomba wake. "Zote zitasikia."

Mkubwa akampiga kwa mgongo wa mkono. Damu ya pua ikadondoka kwenye herufi za kompyuta. Kisha akamshika shingo, akamwinamisha.

"Andika."

Mjukuu akaandika 2207 kwa kidole chenye damu. Nikaziona mashini nne zinashtuka pamoja. Wazee hawakuona kitu. Mjukuu wangu alinitazama, akafuta pua, akarudisha nyaya mahali pa kutembeza, akasema polepole, "Tayari, tonton. Sasa ita numero ya baba. Tia mbio unayotaka."

Akatia yote.

Zote nne ziliitika. Mbili zilikuwa zimetazamana. Ziligongana paji kwa paji, ya tatu ikazipanda, na ile ya rangi nyeupe ikarushwa kutoka juu ya ule mlango, ikapasukia kwenye saruji vipande viwili. Magurudumu yake yaliendelea kulia kidogo, halafu yakanyamaza.

Mdogo akacheka mpaka akashika mbavu zake mbovu. "Ameita batoto bake bote, yaya. Na weye haujui hata gani ni yako."

Mkubwa aling'oa kile kisanduku kizito na waya zake, akampiga mdogo nacho kinywani. Meno mawili yakatoka.  Mdogo aliinua beleshi, na hakuligeuza bapa. Aliliinua kwa makali yake, akilenga shingo ya ndugu yake. Mimi nilikuwa na mchi wa kinu mkononi tangu walipoingia. Nikampiga mdogo kifundo cha mkono. Mfupa ukalia kama bua kavu la mahindi, beleshi likaanguka. Mkubwa akaja kummaliza, nikamgeukia, nikamvunja goti. Nilipowatafuta wazee, shemeji yangu alikuwa anapita dirishani, na kipande cha suruali yake kimebaki kwenye msumari.

Nilizaa wale wawili kwa uchungu, na nikawavunja bila machozi. Machozi yalikuja nilipokuwa ninafagia.

Mjukuu wangu alizirudisha zile tatu kwenye kalasi, moja moja, zikapata tena numero zao. Dekoda ya ile iliyopasuka aliikuta nzima. Aliifuta numero 2207 ndani yake mbele ya macho yangu.

Majuma matatu baadaye walikuja kula, mmoja kwa fimbo, mmoja mkono wa kuume kwenye plasta. Bukari ilikuwa ileile nyeusi. Mdogo hakuweza kula kwa mkono wa kushoto mbele yangu, akakaa tu. Mkubwa akamtukana mama yake, yaani mimi, akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, mboga ya kisamvu, akamtia mdogo kinywani pale penye pengo. Halafu la pili.

Sahani ilipokwisha, mkubwa akanitazama chini chini. "Mama, na siku utakufa? Haujasema hata kwa mutoto mumoja?"

Mdogo naye akaacha kutafuna.

"Jina sitaitoa. Munivunje mifupa yote, jina sitaitoa."