Msafara wa Meli Kwenye Tope la Kitengela

Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka Kitengela ya utoto wetu. Hakukuwa na fleti wala ua wa nyaya. Ukitoka nje asubuhi unaona nyumbu na pundamilia wametapakaa mpaka macho yachoke, na nyuma yao, mara moja moja, simba aliyewafuata kutoka mbugani. Katikati ya hayo yote ndipo tulipopita kwenda shule, mwendo wa saa nzima, baridi ya Julai ikitukata masikio, tumboni tukiwa na chai ya maziwa na viazi vitamu vya jana. Mtoto wa siku hizi, gari la shule likichelewa dakika tano, anampigia mama simu.

Bahari hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Lakini vita vya baharini tulivijua kuliko walimu wetu, kwa sababu ya Mzee Kioko.

Huyu alikuwa jirani yetu, Mkamba kama sisi, na wakati wa vita kuu ya pili alikuwa mpishi kwenye manowari ya Waingereza. Tulimwita Kapteni, naye anakataa. "Kapteni gani? Mimi nilikuwa na sufuria." Tulimwinamishia vichwa atuguse, kama watoto wa Kimaasai wanavyoamkia wazee, kisha tunadai hadithi kabla hajaondoa mkono. Hakuwahi kumwona adui hata mmoja. Vita alivisikia jikoni. King'ora kikilia anazima moto, anafunga masufuria kwa kamba, anakaa kwenye sakafu ya chuma akisikiliza mabomu yakipasuka majini. Yakipasuka mbali, alisema, vijiko vinacheka. Yakipasuka karibu, sufuria kubwa inasogea yenyewe hata ukiishika.

Alitupangia meli kwa punje za mahindi juu ya gunia. Katikati meli za mizigo, zimebeba ngano, mafuta na askari. Pembeni manowari za kuzilinda. Adui alikuwa nyambizi, meli inayotembea chini ya maji, na chakula chake kitamu ni meli iliyo peke yake. Ndiyo maana zilisafiri kwa msafara, kwa mwendo wa ile inayojikokota kuliko zote. Zilikwenda kwa kupinda, kushoto halafu kulia, adui asiweze kulenga. Taka hazikutupwa majini mchana, maana maganda ya viazi yakielea yanaonyesha njia. Na nyuma kabisa ilikuwako meli ya kuokota watu, meli moja ikizamishwa. Hizo nyingine zilikatazwa kusimama.

Rafiki yangu Naserian alikuwa na mguu uliodhoofishwa na polio, akitembea na vyuma kuanzia gotini. Baba yake alimruhusu kusoma kwa sharti moja: siku atakayoachwa peke yake porini, shule imekwisha. "Simba hatamuuliza yuko darasa la ngapi," alisema, na hakuwa anatania.

Basi tukaunda msafara. Mumo mbele kwa sababu ya mdomo wake mkubwa, Naserian katikati pamoja na Ndinda, dada yake Mumo, na mimi peke yangu nyuma, meli ya kuokota. Kila kitu tulikifuata kama alivyosema mzee. Tulitembea kwa kupinda ili kumchanganya simba, na safari ya saa moja ikawa ya saa moja na nusu. Mwalimu wa zamu anatungoja langoni na fimbo. "Mnatoka wapi saa hii?" "Tulikuwa tunakwepa, mwalimu." Mama mmoja aliyetuona tukiyumba uwandani alimwambia mama yangu watoto wake wameanza kunywa. Maganda ya miwa hatukutupa chini, tuliyabeba mifukoni mpaka siafu wakaingia nasi darasani.

"Wa nyuma, umelala?" Mumo anapiga kelele.

"Niko!"

"Hizi ni meli gani zinanuka miguu?" anauliza Naserian, na tunacheka mpaka msafara unavunjika.

Tulipigwa sana muhula ule, kisha tukajifunza kuamka mapema zaidi. Naserian hakuachwa hata siku moja.

Tulipokuwa darasa la sita, kwaya ya shule ikaitwa kwenye mashindano Kajiado. Lori lingeondoka saa moja kamili. Kajiado kwetu ilikuwa kama ng'ambo. Naserian ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa wimbo, mimi nilikuwa mmoja wa waitikiaji, na wale wengine wawili hawakuchaguliwa. Baba yake alikubali kwa sababu angekuwa nami.

Usiku mvua ilinyesha. Mnaujua udongo wetu mweusi ulivyo ukilowa. Uliganda kwenye vile vyuma mpaka mguu ukawa kama gogo. Kila hatua kumi tunasimama, tunakwangua kwa kijiti. Shule ilikuwa imeanza kuonekana tuliposikia lori likiwashwa.

"Nikimbie niwaambie wangoje?" nikamuuliza.

"Kimbia. Lakini waambie, eh?"

Nilikimbia. Mwalimu alinivuta juu akisema tumechelewa, panda haraka. Nikafungua mdomo, nikaogopa kwamba nikisema tutaachwa wote wawili. Nikaufunga. Nilipopata sauti tulikuwa Isinya, na dereva hakutaka hata kusikia habari ya kurudi.

Mchungaji wa mbuzi alimkuta Naserian amesimama pale pale, akamrudisha nyumbani. Simba hakuwepo. Baba yake alitimiza neno lake hata hivyo, na wiki hiyo hiyo Naserian akapelekwa kwa shangazi yake, mbali huko Rombo.

Nilikwenda kwa Mzee Kioko nikitaka anigombeze. Alikuwa anachambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuna siku na sisi tulikuwa wa nyuma. Meli ya mbele ikapigwa. Amri ikaja tusisimame, nyambizi iko chini. Mimi niliona vichwa vya watu kwa dirisha la jikoni. Nikarudi kukata vitunguu." Akaendelea kuchambua. Hakutuhadithia tena vita.

Nilivumilia shule muhula mmoja zaidi, kisha nikaiacha. Tangu hapo nimezunguka. Nimeosha vyombo Namanga, nimepakia mizigo Mombasa, na kila mahali nilinunua vitabu vikuukuu vya vita vya baharini. Nikasoma jinsi meli za matanga zilivyopigana zikiwa zimepangana ubavu kwa ubavu, jinsi chuma na makaa vilivyokuja, jinsi manowari ya Kijerumani ilivyojificha katika mto Rufiji. Watu walidhani napenda mizinga. Nilikuwa natafuta meli iliyokatazwa kusimama ikarudi. Nilizipata chache, na kurasa zake nilizisoma mpaka zikalegea.

Mwaka jana nilifika Rombo. Naserian anauza maharagwe sokoni, ana fimbo na wajukuu.

"Takwenya," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia, kisha akanitambua. Nilikuwa nimebeba maneno ya msamaha miaka yote ile, lakini yeye akatangulia. "Sasa niambie. Kajiado kulikuwa aje?"

Nikakaa juu ya gunia nikamwambia yote: vumbi la soko la mifugo, chai na mandazi, ukumbi wa mabati, na jinsi wimbo ulivyoanzishwa chini sana mpaka wavulana wakashindwa kuufikia. Tulikuwa wa mwisho.

"Wa mwisho kabisa?"

"Kabisa."

"Asante Mungu," akasema, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. Yale maneno yangu sikupata pa kuyaweka.

Siku hizi kutoka Kitengela mpaka Kajiado ni lami tupu, na watoto wanalala garini, wanaamshwa wakishafika. Nyumbu wetu wamezibiwa njia na nyumba za ghorofa. Nami nimefika mahali pengi tangu siku ile, na karibu pote nilifika mapema. Lakini sijawahi tena kufika na watu, tumelowa, tumechelewa, tukisukumana langoni nani apigwe kwanza.