Chaji ya Mguu wa Mama Bernadeta

Mashine yangu ya umeme niliipenda kupita kiasi, na sioni haya kusema. Ilikuwa kisanduku cha kijivu chenye nyaya nne, kila waya ukiishia kwenye kibandiko cha kunata. Ukivibandika pajani na kuzungusha swichi, msuli unajikunja wenyewe, mwenye mguu anatazama tu. Wagonjwa wengi waliofika kwenye chumba changu cha mazoezi ya viungo pale mtaani Kilakala walicheka, wengine wakaomba tuache. Mama Bernadeta peke yake ndiye aliyefanya ishara ya msalaba.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Maisha yake yote alilima karoti na vitunguu majani kwenye milima ya Uluguru, juu kule ambako bodaboda humfikisha mtu nusu ya njia kisha akaambiwa amalizie mwenyewe. Mara mbili kwa wiki aliteremka sokoni na tenga kichwani, na jioni akapanda tena na chumvi na sabuni. Novemba iliyopita aliteleza njiani akavunjika pia ya goti la kulia. Alipasuliwa, mguu ukafungwa wiki sita, na ulipofunguliwa paja lilikuwa limesinyaa, halimsikii. Akiuambia mguu nyanyuka, umelala tu.

Binti yake Editha, aliyekuwa akimhifadhi hapo mjini, alinieleza mbele yake bila kumung'unya maneno.

"Kaka Elia, masika yakianza na mama bado hawezi kupanda mlima, ukoo utampa mtu mwingine lile shamba. Si kwa ubaya. Shamba halikai bure."

Ardhi ile ilikuwa ya upande wa mama. Bernadeta aliipokea kwa mama yake, naye aliipokea kwa mama yake mwenyewe. Siku hiyo Bernadeta aliangalia dirishani, na mlima ulikuwa hapo hapo. Tulikuwa na wiki nane.

Nilipowasha mashine kwa mara ya kwanza na paja likajikunja, alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Daktari," aliniita, ingawa mimi si daktari, "limeamka."

"Hapa tunakutia nguvu, mama," nilijibu, kichwa kikanivimba. Nikamwagiza kazi ya nyumbani: kila siku akaze paja mara thelathini, anyooshe goti akiwa amekaa, na baada ya wiki mbili afunge kifuko cha mchele kwenye kifundo cha mguu aunyanyue. Akaitikia kila neno.

Kila Jumatatu nilipima mapaja yake kwa tepu ya fundi cherehani. Mwanzoni la kulia lilikuwa pungufu ya la kushoto kwa sentimita nne. Wiki ya tatu, nne. Wiki ya nne, nne zile zile. Niliongeza umeme, naye akauma meno akavumilia. Nikaishuku mashine, nikaushuku umri wake. Kujishuku mwenyewe hakukunijia akilini.

Editha ndiye aliyefichua. "Mama hafanyi lolote nyumbani. Akitoka kwako anakaa kitini kutwa. Hata kuota jua nje hataki."

Nilimwuliza Mama Bernadeta kwa nini, naye akanijibu kwa utulivu kabisa.

"Naitunza."

"Unatunza nini, mama?"

"Chaji."

Kijijini kwao simu hupelekwa dukani kwa mwenye sola. Ikijaa unaizima mpaka upate jambo la maana, maana kuichaji tena ni safari. Yeye alielewa kwamba mara tatu kwa wiki namjaza nguvu kwa zile nyaya, na kila hatua atakayotembea inazimaliza. "Nilitaka nipande mlima ikiwa imejaa," alisema.

Nilitaka kucheka, cheko halikuja. Mwezi mzima mwanamke huyu alijinyima hata jua la uani ili apate njia ya kurudi kwake, na aliyempotosha ni mimi niliyesema namtia nguvu. Nikaanza kumweleza kwamba umeme unaubishia msuli hodi tu, kufungua ni juu yake. Akaitikia kila neno, vile vile kama mwanzo, nikajua bado hajanielewa.

Tuliendelea na zamu ya siku hiyo. Katikati yake umeme ukakatika. Feni ikasimama, paja likalegea, naye akanitazama kama mtu aliyeachwa na basi.

"Sasa likaze wewe," nilimwambia. "Unakumbuka lilivyokuwa linajivuta. Lifuate hivyo hivyo."

Alifumba macho. Nikaweka kiganja juu ya paja, nikasubiri. Hakuna kitu. Tukarudia, hakuna kitu. Mara ya tatu nilihisi chini ya kiganja kitu kidogo kikijikusanya, na kisigino kikaachana na kitanda kwa unene wa kidole.

"Nani ameunyanyua?" nilimwuliza.

Alifumbua macho, akautazama mguu wake.

"Mimi," alisema, na machozi yakamtoka.

Miaka kumi na minne nafanya kazi hii, majina ya misuli nayajua yote. Siku ile nilisimama pale na mwili ukanisisimka, kwa sababu ya kisigino kimoja.

Tangu hapo mashine ilibaki ya kuanzia mazoezi tu, na baada ya wiki moja nikaifunika kitambaa. Tulifunga mchele wa Dakawa kwenye kifundo: nusu kilo, kilo, kilo mbili. Tukahamia kwenye ngazi za mlangoni. Mwisho akapanda ngazi hizo na tenga kichwani, kila siku tukiongeza karoti chache.

"Wasichana tulifundishwa hivi hivi," alinisuta. "Kwanza kopo la maji, halafu ndoo ndogo. Ungesema hivyo tangu mwanzo, ningekuelewa."

Tulipanda mlima katikati ya Machi, asubuhi, mawingu yameshuka hadi miti ya juu. Alijitwika tenga lenye mbegu za maharage juu ya ngata ya kanga. Editha alibeba jembe, mimi nikabeba tepu. Nilisimama mara tatu kuvuta pumzi. Yeye alisimama mara moja, kunisubiri. Nilikuwa nyuma yake, nikiutazama ule mguu wa kulia ukikanyaga jiwe, ukisukuma, ukimwinua yeye na tenga lake, na sikuweza kuamini kwamba ndio ule uliolala kitandani kwangu.

Kwake alikunja magoti yote mawili akatua tenga bila kushikwa.

"Nipime."

Nilimpima. "Bado sentimita mbili, mama."

"Hizo nitazikuta shambani," alisema. Akachukua jembe mkononi mwa Editha, akapanda juu ya tuta la kwanza kwa mguu wa kulia.