Silikoni Niliyowasingizia Wanajeshi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya hapa Kamina, enzi nchi ikiitwa Zaire, ambayo haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa kijana, nasomea fizikia Ubelgiji, nimerudi likizo kumwona mama.

Kazi yangu huko ilikuwa kupima vipande vya silikoni vinavyonasa njia za chembe ndogo kuliko atomu. Kipande chenyewe ni chembamba kuliko ukucha, kina mamia ya mistari ambayo jicho haliioni. Chembe ikipita, inaacha umeme kidogo kwenye mstari, nasi tunajua imepita wapi. Profesa wangu alinikabidhi kimoja nikawaonyeshe wanafunzi wa Lubumbashi. Hicho ndicho tulichotumia kulinganishia vingine vyote, kwa hiyo alinisisitizia nisikitoe kwenye kisanduku chake wala kukigusa bila glavu.

Nami nilikitoa. Majirani walikuja kunisalimu, nikataka waone mtoto wa Kamina anashika nini huko Ulaya. Kikapita mkono kwa mkono uani. Kisha nikakiacha mezani, nikaenda kuwasindikiza.

Niliporudi, mama alikuwa akikifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Nyaya zake, nyembamba kuliko unywele, zilikuwa zimeng'oka zote, na kipande kimepasuka katikati.

“Ile kintu yako ilikuwa na alama ya vidole ya bantu,” alisema kwa upole. “Nimekusukulia.”

Sikumfokea, hilo namshukuru Mungu. Lakini nilichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi. Nilimwandikia profesa kwamba wanajeshi wa kambi ya Kamina walinipekua stesheni, wakakivunja. Na unajua, mwanangu, baadhi ya waliokunywa chai uani kwetu siku ile walikuwa wanajeshi hao hao, na wake zao.

Majibu yalifika baada ya wiki kadhaa. Nilifungua bahasha mbele ya mama, nikamsomea nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Profesa hakuniuliza swali hata moja. Aliandika kwamba hakushangaa wanajeshi kukivunja, kwa nchi kama yetu. Akanipa pole. Halafu akaongeza kwamba maabara imeamua kutompokea tena mwanafunzi kutoka Zaire, na nafasi aliyoahidiwa Ngoie imefutwa.

Ngoie alikuwa binti wa mji wa Kaniama. Alikuwa amemaliza masomo Lubumbashi, na kwao ameshaaga.

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa stesheni gani, saa ngapi, nani shahidi. Sikujiandaa kuaminiwa upesi namna ile.

Mama akauliza, akijigusa kifua, “Basoda gani balivunja? Minyi njo nilisukula.”

“Nilitaka wasikuseme vibaya, mama.”

“Hapana. Minyi kule habanijue. Uliogopa bakuseme weye.” Akaigusa ile barua. “Na huyu mutoto wa Kaniama, alikukosea nini?”

Niliikunja ile barua, nikatafuta karatasi na kalamu.

Siku hiyohiyo niliandika barua nyingine, nikaeleza yote: nilivyokitoa, nilivyojigamba, nilivyosema uongo. Mama alikaa kando yangu mpaka nikafunga bahasha, tukaenda posta pamoja. Niliporudi Ubelgiji, profesa alininyang'anya ufunguo wa chumba cha vipimo. Mwaka mzima nilikuwa nanakili namba za vipimo vya wenzangu. Ngoie alirudishiwa nafasi yake, lakini alikuwa ameshapoteza mwaka. Siku alipofika alinipa mkono bila kunitazama usoni, na sikumlaumu.

Basi, mwanangu, ukiharibu kitu huko uendako, sema siku hiyohiyo kwamba ni wewe. Hasa usimtwike kosa lako mtu ambaye wengine wamekwisha kumdhania mabaya. Hawatakuuliza lolote, na utaona umepona, kumbe mtu usiyemfikiria hata kidogo ndiye anayelipia. Profesa alikosea kuniamini upesi vile, lakini mimi ndiye niliyempa cha kuamini.

Nenda sasa. Mungu akutulize mikono kazini, akupe watu wa kukusahihisha bila kukuaibisha, na akurudishe nyumbani ukiweza kumtazama usoni kila mtu wa kwetu.